Tofauti Ipo, Lakini Ni Kiasi Gani?

Maswali ya wasomaji kuhusu takwimu

Barua za safari hii zimetoka kwa watu wa kazi mbalimbali, ila zote zinagota pale pale: mtu amepima, ameambiwa tofauti aliyoipata "ni muhimu kitakwimu" au "si muhimu", kisha hajui afanye nini na jibu hilo. Tumejibu kwa hesabu zenye hatua ili mwenye karatasi na kikokotoo afuate mwenyewe.

Maneno manne yatajirudia. Mkengeuko sanifu unaonyesha vipimo vimetawanyika kiasi gani kutoka kwenye wastani wake. Kosa sanifu linaonyesha wastani wenyewe ungeyumba kiasi gani kama ungechukua sampuli nyingine. Masafa ya uhakika ni namba mbili, ya chini na ya juu, na kati yake mna ukubwa wote unaopatana na data yako. Thamani ya p ni uwezekano wa kupata data yenye tofauti kubwa kama hiyo au kuizidi, endapo kwa kweli hakuna tofauti yoyote; kwa desturi, p ikiwa chini ya 0.05 tofauti huitwa "muhimu kitakwimu".

*Assalam alaykum. Nakaanga mahamri Kongowea. Nimeazimwa jiko la makaa ambalo watu wanasema halili makaa sana. Kwa siku 10 nimekaanga unga kilo 3 kwenye jiko langu la zamani na kilo 3 kwenye hili jipya, nikapima makaa kwa mizani. Nikitoa makaa ya jiko jipya kwenye ya jiko la zamani napata, kwa kilo: −0.1, 1.1, −0.2, 0.6, 0.0, 1.4, 0.5, −0.4, 0.9, 0.2. Kijana wangu aliye chuoni kanambia p ni 0.06, kwa hivyo majiko yote ni mamoja. Jiko ni shilingi 2,800, makaa nanunua shilingi 70 kilo, na nataka pesa yangu irudi ndani ya siku 200 za kazi. Ninunue?*
Mama Mahamri, Kongowea

Wa alaykum salaam, mama. Kijana wako amepiga hesabu sawasawa, ila hapo mwisho ameteleza. Kusema "hatujaweza kuonyesha kwamba kuna tofauti" ni jambo moja, na kusema "tumeonyesha kwamba hakuna tofauti" ni jambo jingine kabisa. Data yako inaruhusu la kwanza tu.

Tuipitie hesabu. Jumla ya siku 10 ni 4.0, kwa hivyo wastani ni kilo 0.40 kwa siku. Toa 0.40 kwenye kila siku, zidisha kila jibu kwa lenyewe, kisha jumlisha: unapata 3.24. Gawa kwa 9, yaani idadi ya siku kasoro moja, upate 0.36. Kipeuo chake cha pili ni 0.60, nao ndio mkengeuko sanifu. Gawa 0.60 kwa kipeuo cha pili cha 10, ambacho ni 3.16, upate kosa sanifu la 0.19. Sasa fungua jedwali la t kwenye mstari wa digrii huru 9, ile ile idadi ya siku kasoro moja: kwa asilimia 95 limeandikwa 2.262. Zidisha 2.262 kwa 0.19, upate 0.43. Masafa yako ya uhakika yanaanzia 0.40 kutoa 0.43, yaani −0.03, na kuishia 0.40 kujumlisha 0.43, yaani 0.83.

Wengi wangeweka 1.96, namba ya asilimia 95 kwa sampuli kubwa, mahali pa 2.262, na hilo ni kosa kwa sampuli ndogo kama hii. Tunawiwa na William Sealy Gosset, aliyefanya kazi katika kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin. Alikuwa na vipimo vichache vichache kama vyako, akaona kanuni za sampuli kubwa zinampa uhakika asiostahili. Mwaka 1908 akachapisha marekebisho yake, yaliyozaa jedwali hilo la t, kwa jina la "Student".

Sasa liweke jiko kando ya bei. Shilingi 2,800 kwa siku 200 ni shilingi 14 kwa siku, na shilingi 14 ni kilo 0.2 za makaa. Huo ndio mpaka wako, mama. Mpaka huo umetoka mfukoni mwako, wala hakuna jedwali la takwimu linaloweza kukupa. Ukiulinganisha na masafa, unaona data inapatana na jiko lisilookoa chochote, inapatana na jiko linalookoa kilo 0.2 unazohitaji, na inapatana pia na jiko linalookoa kilo 0.8, mara nne ya unachohitaji. Jibu la kweli ni kwamba bado hatujui vya kutosha. Majiko hayajawa "mamoja".

Uongeze siku ngapi? Chukua 2, zidisha kwa mkengeuko sanifu 0.60, gawa kwa upana unaoutaka kila upande, tuseme 0.2. Unapata 6. Zidisha 6 kwa 6: siku 36. Umeshapima 10, zimebaki 26. Wastani ukibaki 0.40, masafa yatakuwa karibu 0.2 hadi 0.6, na hapo hata upande wa chini unafika kwenye mpaka wako. Lakini kata shauri leo kwamba utafika siku 36, kisha usifunge daftari kabla. Anayepiga hesabu kila jioni na kusimama siku p inaposhuka chini ya 0.05 hujipa nafasi nyingi za kubahatika, na ile asilimia 5 ya kukosea inakuwa kubwa zaidi bila yeye kujua.

Tutaje na vipimo vyenyewe, maana hesabu haiokoi mizani mbaya. Badilisha kila siku jiko linaloanza, kwa sababu jiko la pili hupokea unga uliokwisha kuumuka zaidi. Badilisha pia mahali majiko yanapokaa, kwa kuwa upepo wa baharini hupuliza upande mmoja. Tumia makaa ya gunia moja kwa majiko yote mawili, kwani yaliyonyeshewa yana uzito wa maji. Na makaa yanayobaki uyazime kwa kuyafunika yakose hewa. Ukiyamwagia maji, mizani itakuonyesha yamebaki mengi kuliko yaliyobaki kweli.

Kama mwenye jiko analidai wiki hii hii, kulinunua si upumbavu. Kisio bora ulilo nalo ni kilo 0.40, yaani shilingi 28 kwa siku, na pesa ingerudi kwa siku 100. Ujue tu kwamba unabeba hatari isirudi.

*Nimewafundisha wanafunzi wangu kwamba masafa ya asilimia 95 maana yake kuna uwezekano wa 95 kwa 100 kuwa wastani wa kweli umo ndani yake. Mwenzangu anasema nimewapotosha. Nani mkweli?*
Mwalimu wa hesabu, Likoni

Mwenzako, ingawa kosa lenyewe ni la karibu kila mtu.

Jerzy Neyman, mtakwimu aliyeweka msingi wa masafa haya katika makala yake ya 1937, aliuweka uhakika kwenye njia ya kuyatengeneza, si kwenye masafa mamoja uliyokwisha kuyapata. Fikiria mvuvi anatupa kimia juu ya jiwe lililozama asiloliona. Jiwe halihami, kinachohama ni kimia. Ikiwa ufundi wake ni wa kufunika jiwe mara 95 katika kila mitupo 100, hiyo 95 ni sifa ya ufundi wake. Mtupo mmoja ukishatua, ama umelifunika jiwe ama haukulifunika. Thamani ya kweli ndiyo jiwe, na kila sampuli mpya ni mtupo mpya.

Waambie wanafunzi: "Njia hii, ikirudiwa kwa sampuli nyingi, itazaa masafa yenye thamani ya kweli mara 95 kati ya 100." Anayetaka kusema uwezekano kuhusu masafa mamoja sharti aende kwenye takwimu za Bayes, aanze na imani ya awali aliyoitaja wazi.

Kuna jambo jingine ambalo tungependa lifundishwe mapema zaidi, kwa kuwa linaunganisha mada mbili ambazo vitabu huzitenganisha. Masafa ya asilimia 95 ni orodha ya thamani zote ambazo jaribio la nadharia tete (dai linalopimwa kwa data) katika kiwango cha asilimia 5 halingezikataa. Sifuri ikiwa nje ya masafa ya tofauti, p iko chini ya 0.05. Ikiwa ndani, p iko juu. Kwa hivyo masafa yanakwambia kila ambacho p inakwambia, halafu yanakuongezea ukubwa. Ukitaka asilimia 90 kwa sampuli kubwa tumia 1.645 mahali pa 1.96, na ukitaka asilimia 99 tumia 2.576. Uhakika zaidi hulipiwa kwa upana zaidi.

Na tahadhari moja: masafa hupima kuyumba kwa sampuli peke yake. Ukiwauliza watu wa mtaa mmoja kisha ukasema ni wastani wa Mombasa nzima, masafa yatatoka membamba na mazuri kuyaona, na yatakuwa yamezunguka namba isiyo yenyewe.

*Shikamooni. Niko uzamili, ualimu. Nimelinganisha wanafunzi 1,600 waliofundishwa kwa njia mpya na 1,600 waliofundishwa kwa njia ya kawaida. Wastani umezidi kwa alama 1.3 katika 100, mkengeuko sanifu ni alama 12 kila kundi, p ni 0.002. Nimeandika kwamba njia mpya "ina athari kubwa na muhimu". Msimamizi wangu amezungushia neno "kubwa" wino mwekundu. Nimekosea wapi?*
Mwanafunzi, Tudor

Marahaba. Umekosea mahali ambapo neno lenyewe linatega watu. Katika Kiswahili cha kila siku, kitu muhimu ni kitu cha maana, kisichofaa kupuuzwa. "Umuhimu wa kitakwimu" hausemi hivyo. Unasema tu kwamba data ingekuwa ya kushangaza kama tofauti ya kweli ingekuwa sifuri. Tofauti ndogo mno inaweza kuwa na umuhimu wa kitakwimu, alimradi sampuli ni kubwa.

Jionee. Kosa sanifu la tofauti ni 12 mara kipeuo cha pili cha (1/1,600 + 1/1,600), yaani 0.42. Gawa 1.3 kwa 0.42 upate karibu 3.1, na ndiyo p yako ya 0.002. Sasa acha kila kitu kama kilivyo, ila kila kundi liwe na wanafunzi 100. Kosa sanifu linapanda hadi 1.70, uwiano unashuka hadi 0.77, na p inakuwa karibu 0.44. Tofauti ni ile ile ya alama 1.3, watoto hawakusoma zaidi wala kupungukiwa. Kilichobadilika ni idadi yao. Basi p inachanganya vitu viwili, ukubwa wa jambo na wingi wa data, na ukitazama p peke yake huwezi kuvitenganisha.

Masafa yako ni 1.3 ± 0.83 (1.96 mara kosa sanifu), yaani alama 0.5 hadi 2.1. Kwa kipimo cha mkengeuko sanifu, 1.3 gawa 12 ni 0.11. Jacob Cohen, mwanasaikolojia aliyependekeza viwango vinavyotajwa sana, aliita 0.2 ndogo, na yako haifiki hapo. Hatukushauri kumtegemea Cohen hata hivyo, kwa kuwa mwenyewe alivitoa viwango vile kwa mtu asiye na kipimo bora. Wewe unacho: uliza walimu ni alama ngapi zingewafanya wakubali gharama ya vitabu vipya na wiki za mafunzo. Tuseme wamejibu alama 5. Masafa yako yote, hadi ncha ya juu, yako chini ya 5. Matokeo haya yana nguvu kwelikweli, ila yanasema kinyume cha ulichoandika: njia mpya inasaidia, na msaada wake ni mdogo kuliko unaohitajika.

Lakini hata kabla ya hapo kuna kosa zito zaidi, na tunashangaa halikuzungushiwa wino. Wanafunzi 1,600 hawakuja mmoja mmoja. Walikuja kwa madarasa, kila darasa na mwalimu wake, na wanafunzi wa darasa moja hufanana kuliko wanafunzi waliookotwa huku na huku. Hesabu yako imewachukulia kana kwamba kila mmoja ni ushahidi unaojitegemea. Tuseme kila darasa lina wanafunzi 40, na asilimia 10 ya mtawanyiko wote wa alama inatokana na darasa analokaa mtoto. Kanuni ni 1 + (40 − 1) × 0.10, yaani 4.9. Kosa sanifu huzidishwa kwa kipeuo cha pili cha 4.9, ambacho ni 2.2. Kutoka 0.42 linafika 0.94, na masafa yanatanuka kuwa −0.5 hadi 3.1. Sifuri imeingia ndani, na ile p ya 0.002 imeondoka. Kwa maneno mengine, wanafunzi wako 1,600 wana uzito wa ushahidi wa wanafunzi wapatao 330.

Hiyo asilimia 10 ni ya mfano; yako ipo kwenye data yako, na programu yoyote inayokubali modeli ya ngazi mbili (mwanafunzi ndani ya darasa) itakupa. Rudia uchambuzi kwa kutaja darasa. Kisha andika sentensi yenye mambo matatu: ukubwa, masafa, na mpaka wa kivitendo. Mfano: "Njia mpya iliongeza alama 1.3 (masafa ya asilimia 95: −0.5 hadi 3.1), ongezeko la alama 5 ambalo walimu walilihesabu kuwa la maana halipatani na data hii." Mpaka huo wa 5 uwe umeandikwa kwenye pendekezo la utafiti kabla ya data kukusanywa. Ukiuchagua baada ya kuona majibu, mtahini atauliza, na atakuwa na haki.

*Mimi ni muuguzi. Nimeelewa kwamba tofauti ndogo inaweza kuwa na p ndogo. Je, kila tofauti ndogo ipuuzwe?*
Muuguzi, Changamwe

La. Na swali hili ni la lazima, kwa sababu watu wakishafunzwa kuishuku p huvuka mipaka wakaanza kudharau kila namba ndogo.

Chukua utafiti wa aspirini uliofanywa kwa madaktari wanaume wa Marekani, matokeo yake ya mwanzo yakatolewa 1988. Madaktari 22,071 waligawanywa kwa bahati nasibu. Katika 11,037 waliopewa aspirini, 104 walipata mshtuko wa moyo. Katika 11,034 waliopewa kidonge kisicho na dawa, 189. Ni asilimia 0.94 dhidi ya 1.71. Tofauti ni chini ya asilimia 1, na masafa yake, ukiyapiga kwa kanuni ya kawaida ya tofauti ya asilimia mbili, ni 0.47 hadi 1.07. Geuza: gawa 100 kwa 0.77, upate 130. Watu wapatao 130 watumie dawa kwa miaka mitano hivi ili mmoja aepushwe na mshtuko wa moyo. Kwa dawa ya bei nafuu na kwa tukio linaloua, asilimia 0.77 ni jambo kubwa.

Utafiti ule ule una upande wa pili ambao ungetaka wauguzi waujue. Kiharusi cha kuvuja damu kiliwapata watu 23 kwenye aspirini na 12 kwenye kidonge kisicho na dawa, p ikiwa 0.06. Kwa mstari wa 0.05 hiyo "si muhimu kitakwimu". Lakini masafa ya hatari hiyo yalikwenda kutoka karibu mara 1 hadi zaidi ya mara 4, na hakuna mtu mwenye dhamana ya maisha ya wagonjwa anayeweza kusoma hayo akasema hapana tatizo. Ndiyo maana uamuzi wa kumpa mtu aspirini ya kinga ni wa daktari anayemjua mgonjwa huyo, damu yake na vidonda vya tumbo vyake.

Wodini, basi, uliza maswali mawili kwa kila namba: ncha mbaya ya masafa ikiwa ndiyo kweli, mgonjwa atapata nini? Na ncha nzuri ikiwa ndiyo kweli, atapata nini?

*Nimepima muda wa kungoja kivuko cha Likoni. Asubuhi wastani ni dakika 22, masafa 18 hadi 26. Jioni ni dakika 28, masafa 24 hadi 32. Masafa yamepandana kati ya 24 na 26. Kwa hivyo hakuna tofauti?*
Mtafiti wa usafiri, Mtongwe

Usilinganishe masafa mawili kwa macho. Tengeneza masafa ya tofauti yenyewe. Nusu upana wa kila upande ni 4. 4 mara 4 ni 16, mara mbili ni 32, kipeuo cha pili ni 5.7. Tofauti ni dakika 6 ± 5.7, yaani 0.3 hadi 11.7. Sifuri iko nje. Masafa yasipopandana kabisa, tofauti ipo. Yakipandana kidogo, huwezi kusema lolote mpaka upige hesabu hii. Nayo hufaa tu ikiwa makundi mawili hayahusiani. Kama abiria wale wale ndio uliowapima asubuhi na jioni, tumia tofauti ya kila abiria, kama Mama Mahamri alivyofanya na siku zake. Na abiria waliongojea kivuko kimoja ni kama wanafunzi wa darasa moja: watu 50 waliochelewa pamoja kwa sababu kivuko kimoja kilichelewa si ushahidi wa mara 50.

*Tumepima maji ya visima 30 huku Kisauni kutafuta bakteria wa kinyesi. Hakuna hata kimoja kilichopatikana nao. Programu imetupa masafa ya asilimia 0 hadi 0. Tuwaambie wakazi visima vyao ni salama?*
Fundi wa maabara, Kisauni

Hapana, msiwaambie hivyo. Programu imetumia kanuni ya kosa sanifu la uwiano: kipeuo cha pili cha p(1 − p) gawa kwa idadi, ambapo p hapa ni uwiano wenyewe. Uwiano ukiwa sifuri, kosa sanifu linakuwa sifuri, na kanuni inatangaza uhakika kamili kwa visima 30. Ndipo inapovunjika.

Kwa matukio sifuri kuna kanuni ya mkononi: gawa 3 kwa idadi uliyopima. 3 gawa 30 ni asilimia 10. Yaani data yenu inapatana na hali ambapo kisima kimoja katika kila kumi kina uchafu. Asili yake ni rahisi: ikiwa asilimia 10 ya visima ni vichafu, uwezekano wa kuokota 30 mfululizo vilivyo safi ni 0.9 ikizidishwa kwa yenyewe mara 30, ambayo ni karibu 0.04. Ni nadra, ila si ajabu. Kwenye programu chagua njia ya Wilson, ya mwaka 1927, ambayo kwa 0 katika 30 itawapa mpaka wa juu wa asilimia 11 hivi.

Mkitaka kusema "chini ya asilimia 1", mtahitaji visima 300 vyote visafi. Na hata hapo jibu ni la msimu mliopima. Mliochota wakati wa kiangazi hamjapima mvua za masika, wakati maji ya vyoo vya shimo yanaposogea chini kwa chini. Andikeni tarehe, na kisima kilivyo mbali na choo, kando ya kila sampuli.

*Hoteli yetu Nyali ilibadilisha mambo kadhaa. Tumeuliza wageni wa kabla na wa baada maswali 20. Moja tu, la kiamshakinywa, limetoka na p ya 0.03. Meneja anataka tutangaze kwamba kiamshakinywa kimeboreka.*
Msimamizi wa huduma, Nyali

Ukijaribu maswali 20 katika kiwango cha asilimia 5 na hakuna kilichobadilika, bado unatarajia moja litokee "muhimu". Kama maswali hayahusiani, uwezekano wa kupata angalau moja ni 1 kutoa 0.95 ikizidishwa kwa yenyewe mara 20: asilimia 64. Njia ya Bonferroni ingegawa 0.05 kwa 20 na kudai p ya 0.0025, na 0.03 haikaribii hapo. Njia hiyo ni kali, hasa kwa maswali yanayofanana kama ya dodoso, lakini kwa tangazo la hadharani tungeifuata.

Mwambie meneja hivi: wape wageni wa mwezi ujao swali moja tu, la kiamshakinywa. Andikeni mapema ongezeko gani la alama lingefanya mwendelee kulipia mpishi wa ziada. Masafa mapya yakipanda juu ya mpaka huo, tangazeni. Na kwenye ripoti ya sasa wekeni masafa ya maswali yote 20 katika ukurasa mmoja, yale 19 yasiachwe.